Juu ya Boksi

Nyeusi ngozi, nyeusi kamba,
nyeusi soli, nyeusi hadi ulimi,
nyeusi hata vile vitundu vya kupitishia kamba
ambavyo kwenye raba nyingine hung'aa kama meno ya bandia.
Kibwana aliining'iniza kwa kidole kimoja.
"Hii haina kelele, dada. Inakubali kila nguo."

Kila nguo. Nguo zangu nazijua.
Nina gauni la kitenge lenye mapapai,
nina sketi ya bluu ya kazini, na koti jeupe
linalonuka dawa ya kikohozi hata nikilifua mara mbili.
Suruali ninayo moja, nayo ni ya Semeni.

Halafu kuna nyeusi yenyewe. Tunajuana.
Miaka kumi na mmoja niliivaa kwa amri:
mstarini asubuhi, mwalimu wa zamu na fimbo yake
anapita ameinama, nyuso hazitazami,
anasoma miguu tu, kama anayesahihisha madaftari.
Siku dawa ya viatu ilipoisha nyumbani
nilipaka masizi ya sufuria na mate.
Hadi saa nne jua lilikuwa limeshanisema.
Nikaapa: nikianza kula jasho langu, nitavaa rangi.
Nikavaa. Nyekundu. Ya machungwa.
Ile ya dhahabu ilibanduka soli
kwenye harusi ya watu, katikati ya zulia.

Sasa nina arobaini na mitatu
na nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, Magomeni,
saa mbili hadi saa mbili.
Mguu wa kulia una nundu kando ya kidole gumba,
nundu yenye maoni yake juu ya kila kiatu,
na ikifika saa tisa alasiri huanza kuhutubia.

Semeni, niliyemleta anishauri,
alinitazama kuanzia chini.
"Umeshakuwa mlinzi wa benki. Bado kirungu."
Tukacheka mpaka Kibwana akaona biashara inamponyoka.
Akatandaza boksi lililochanwa,
soli isije ikala vumbi la Mchikichini kabla ya hela.
"Tembea, dada. Boksi lote lako."

Sikutembea.
Kutembea hatua sita kila kiatu kinaweza,
kama mchumba anavyoweza adabu mbele ya wakwe.
Nikasimama.
"Kinabana?"
"Bado sijui."
"Sasa mbona hutembei?"
"Sitembei kazini."

Jua la Machi likaishukia nyeusi ile, likakaa,
halikuaga. Vidole vikaanza kuiva.
Hilo nikaliandika moyoni, upande wa hasara.
Nundu ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Semeni akanunua hindi la kuchoma, akalimaliza,
akatafuta pa kutupa gunzi, akakosa, akabaki nalo.
Kibwana akavuka kwenda kutafuta chenji.

Akaja kijana mmoja, kamba za bluu zimemvutia.
"Mama, hizi bei gani?"
Nami, bila kufikiri, kwa sauti ile ile
ya kijiko kimoja kutwa mara tatu:
"Thelathini. Mwisho ishirini na saba.
Na vaa kwanza, usinunue kwa macho."
Akavaa. Akalipa. Akaondoka nazo mguuni.
Kibwana alirudi akakuta noti mkononi mwangu
na mimi palepale, juu ya boksi lake,
na ndipo nilipokumbuka kwamba nina miguu.

Kama zinanipendeza, sijui mpaka leo.
Katika kipande cha kioo alichokiegemeza kwenye tairi
niliona mapapai juu, na chini usiku mtupu.
Semeni anasema nitazoea. Hakusema kuzoea nini.

Ndala zikaingia mfukoni, mimi nikatoka na raba.
Kabla hatujafika barabarani
vumbi lilikuwa limeshaandika juu ya nyeusi ile,
jeupe, wazi, kama chaki ubaoni,
kila mahali nilipokanyaga.
Mkono ukataka kushuka na leso.
Nikauzuia.
Leo hakuna mstari.